Mithai za Kihindi Ughaibuni: Pa Kununua, za Kuagiza na za Kupika Mwenyewe

Kabla hujaanza kutafuta duka, amua ni mithai gani unayoitamani. Jibu la swali hilo ndilo litakalokuambia kama uende dukani, uagize kwa posta au uwashe jiko. Walio wengi huanza kinyume: huingia duka la kwanza la Kihindi wanaloliona, huchukua kopo la rasgula lililokaa rafuni miezi kadhaa, kisha hulalamika kwamba mithai za Ulaya hazina ladha. Rasgula ni ya kuliwa ndani ya siku mbili. Ya kopo ni kitu kingine chenye jina lilelile, na ina matumizi yake, kama tutakavyoona huko mbele.

Anza na kinachoharibu mithai

Pamoja na wingi wa majina, mithai hizi zinatokana na vitu vichache. Kwanza ni mawa, yaani maziwa yaliyochemshwa na kukorogwa kwa moto mdogo mpaka maji yakauke na kubaki donge laini. Lita moja ya maziwa yasiyotolewa mafuta hutoa mawa ya gramu 200 hivi, au pungufu. Humo ndimo zinamotoka barfi, peda (Wagujarati husema penda), kalakandi na gulab jamun. Pili ni chena, maziwa yaliyokatwa kwa ndimu na kuchujwa, ambayo huzaa rasgula, rasmalai na sandeshi. Zote hizi zina maziwa na unyevu, kwa hiyo huchacha upesi, na kwa kawaida za chena huchacha kabla ya za mawa, isipokuwa kalakandi.

Upande mwingine ziko za unga na samli: ladu za dengu, mohanthal, Mysore pak, son papdi. Karibu hazina maji kabisa, ndiyo maana hukaa. Kaju katli, ya korosho na sukari, iko katikati. Jalebi na imarti ziko peke yao: hazichachi haraka, lakini raha yake ni ule ukavu wa nje na shira ya moto ndani, na raha hiyo hudumu saa mbili tatu tu. Jalebi haiagizwi kwa posta. Unaifuata kwenye karai.

Mwaka 2020 mamlaka ya usalama wa chakula ya India, FSSAI, ilitoa mwongozo wa muda wa kukaa kwa mithai zinazouzwa bila pakiti, na ni kipimo kizuri hata kwa mnunuzi wa Toronto au Oslo. Kalakandi, siku moja. Za Kibengali na za maziwa kama rasgula na rasmalai, siku mbili. Ladu za kawaida na za mawa, siku nne. Za samli na korosho au lozi, siku saba. Ladu za dengu au za unga wa ata, hadi siku 30. Muuzaji akikuambia barfi yake itakaa mezani kwako wiki tatu, basi ama imetiwa dawa, ama haina mawa, ama hajui anachouza.

Pa kununua

Uingereza ndiko penye urahisi zaidi. Leicester, kwenye Belgrave Road na Melton Road, eneo wanaloliita Golden Mile, maduka ya mithai yamepangana mlango kwa mlango, na historia yake inatuhusu. Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda mwaka 1972, halmashauri ya Leicester ilitoa tangazo katika gazeti la Uganda Argus ikiwasihi wasiende huko. Walikwenda hata hivyo, wakakutana na jamaa zao waliotoka Kenya na Tanzania. Matokeo yake ni kwamba jikoni za pale ni za Kigujarati: tafuta penda, mohanthal na ghughra (vitumbua vya nusu mwezi vyenye kujazwa ndani), si rasgula. London inagawanyika kwa mitaa: Ealing Road kule Wembley ni ya Wagujarati, Southall ni ya Wapunjabi, wenye jalebi za moto, gulab jamun na pinni, Whitechapel na Brick Lane ni ya Wabangladeshi, na hao ndio mabingwa wa mithai za chena. Green Street, upande wa mashariki, ina mchanganyiko. Drummond Street, nyuma ya stesheni ya Euston, ndiko Ambala, wauza mithai, walikoanzia mwaka 1965 kabla ya kutapakaa nchini.

Alama moja ya kusaidia: ukiona «mogo», yaani muhogo, kwenye orodha ya vyakula, ujue mwenye duka au wazazi wake wametoka Afrika Mashariki. Hapo salimia kwa Kiswahili. Mara nyingi utaambiwa mithai ipi imetoka jikoni asubuhi ile, jambo ambalo mteja mwingine haambiwi.

Marekani, mitaa mikubwa ni Devon Avenue mjini Chicago, Oak Tree Road kati ya Edison na Iselin huko New Jersey, 74th Street ya Jackson Heights mjini New York, Hillcroft mjini Houston na Pioneer Boulevard ya Artesia, California. Patel Brothers, walioanza Devon Avenue mwaka 1974, sasa wana maduka katika majimbo mengi. Kwao utapata unga, samli, korosho na masanduku ya mithai za pakiti, lakini mithai mbichi ni vizuri kuinunua kwa mpishi wa mithai aliye jirani. Kanada, Gerrard Street ya Toronto bado ipo, ila uzito umehamia Brampton na Mississauga, na upande wa magharibi Surrey, karibu na Vancouver.

Ulaya bara inahitaji subira. Paris, nenda Passage Brady, au mitaa ya La Chapelle ambako wenye maduka wengi ni Watamili wa Sri Lanka, kwa hiyo tarajia mithai za kusini. Den Haag, mtaa wa Paul Krugerlaan una maduka ya Wahindustani wa Suriname, na barfi yao ina njia yake ya kupikwa. Lisbon, eneo la Martim Moniz, familia nyingi zilipitia Msumbiji. Walio Dubai au Muscat hawana haja ya kusoma sehemu hii: Meena Bazaar, Karama na Ruwi kila kitu kipo, na bei ni nafuu.

Je, ukiwa mji mdogo usio na mtaa kama huo? Fuata hatua hizi kwa mpangilio.

Kwanza, kwenye ramani ya simu usiandike «mgahawa wa Kihindi» kwa lugha yoyote ile. Migahawa mingi huuza gulab jamun iliyotoka friza. Andika «mithai», «sweet mart», «sweet house» au «mishti» (mithai kwa Kibengali), kisha fungua picha za wateja na utafute kabati la vioo lenye masinia. Pasipo na kabati la vioo, hapana mpishi.

Pili, nenda duka la vyakula la Kihindi, Kipakistani au Kibangladeshi lililo karibu na umuulize mwenyewe: mithai huletwa siku gani, na huletwa na nani? Maduka ya miji midogo hupokea sinia mara moja kwa wiki kutoka mji mkubwa, mara nyingi Alhamisi au Ijumaa. Ukijua siku, umemaliza nusu ya kazi. Ukienda Jumatano utakuta mabaki ya wiki nzima.

Tatu, tafuta nyumba za ibada. Mahekalu makubwa ya Kihindu ya BAPS Swaminarayan, kama lile la Neasden, London, lililofunguliwa 1995, huwa na duka au mkahawa wa Shayona unaouza mithai. Kwenye gurdwara ya Masingasinga kila aingiaye hupewa karah prashad, halua ya unga wa ngano, samli na sukari kwa kipimo sawa. Vua viatu, funika kichwa, pokea kwa mikono miwili. Hapo ndipo pa kuulizia ni mama gani mtaani anayepika kwa oda. Karibu kila jamii ina mmoja, na mara nyingi kazi yake hulishinda duka.

Mbele ya kabati la vioo

Usiagize kwa macho. Rangi kali ya kijani au waridi haikuambii lolote zaidi ya kwamba rangi imetiwa. Mwombe muuzaji akuonjeshe kipande. Duka linalojiamini halikatai. Barfi nzuri inakatika bila kumwagika chembechembe na haina ukoko mgumu pembeni. Harufu ya uchachu, au ya mafuta yaliyokaa, ni sababu ya kuondoka. Rasmalai iangalie kwenye maziwa yake: yakiwa na vipande vipande vilivyojitenga, yamekatika.

Uliza maswali mawili tu: imepikwa lini, na imepikwa kwa samli au kwa mafuta ya mimea? Swali la pili linahusu ladha na bei. Samli ya kweli ni ghali, kwa hiyo wengi hutumia mafuta yaliyogandishwa, yale ambayo nyumbani yalijulikana kama kimbo. Utayajua mdomoni: yanaacha utando kwenye kaakaa, ilhali samli huyeyuka na kwenda.

Mithai huuzwa kwa uzito, kwa kilo Uingereza na Ulaya, kwa ratili ya gramu 454 Marekani. Kipande cha barfi kina gramu 30 hadi 40, kwa hiyo nusu kilo ni vipande 13 hadi 16 hivi. Ukinunua gulab jamun au rasgula, sema wazi kwamba unataka zichujwe shira kabla ya kupimwa, kisha waongeze shira kidogo baada ya mzani. Usiposema, utalipa bei ya mithai kwa maji ya sukari. Sanduku la mchanganyiko ni zuri kwa zawadi, lakini kwa nyumbani ni hasara: kaju katli hunyonya unyevu wa barfi, na kila kitu huanza kunukia waridi.

Ile karatasi nyembamba ya fedha juu ya kaju katli huitwa varaki. Fedha halisi haidhuru kwa kiasi hicho, lakini kuna wanaobandika alumini. Ipime kwa vidole: fedha ikisuguliwa inasagika na kupotea, alumini inajiviringa kuwa vidonge. Zamani varaki ilipondwa katikati ya ngozi za wanyama, na mpaka leo wapo wanaopika mithai bila varaki kwa sababu hiyo; kama jambo hilo linakugusa, agiza zisizo na fedha. Mawa nayo hughushiwa kwa wanga. Ukiwa na shaka, chemsha kipande kidogo kwenye maji, acha ipoe, tia matone mawili matatu ya ayodini ya dukani. Ikigeuka buluu kuna wanga. Kipimo hiki hakifai kwa gulab jamun, kwa kuwa yenyewe ina unga wa ngano.

Wenye mzio wawe macho. Sinia za kabati moja hushirikiana koleo, kwa hiyo korosho, lozi na pista hufika kwenye kila kitu. Uingereza, tangu Oktoba 2021, chakula kilichofungwa dukani humohumo kabla ya kuuzwa lazima kiandikwe viambato vyake vyote; kwa kisichofungwa, muuzaji anawajibika kukueleza vizio vilivyomo ukiuliza. Ladu za dengu hazina ngano kwa asili yake, ila wapo wanaochanganya.

Kipindi cha Diwali, ambayo huangukia kati ya katikati ya Oktoba na katikati ya Novemba, kina faida na hasara. Mithai ni mbichi kwa sababu zinaisha kila siku. Lakini foleni hutoka nje ya mlango, bei hupanda, na jikoni zinazofanya kazi usiku kucha hulegeza mkono: ladu zisizoiva unga huonekana zaidi wiki hiyo kuliko wakati wowote. Agiza siku kumi kabla, chukua siku mbili kabla. Wiki moja baada ya sikukuu ndiyo ya kukwepa.

Makopo, na jinsi ya kuyaokoa

Rasgula za kopo ni ngumu kidogo na shira yake ni tamu kupita kiasi kwa kuwa sukari ndiyo inayozilinda. Usizile zilivyo. Chemsha lita moja ya maziwa yenye mafuta kamili kwa moto mdogo, ukikwangua pembeni, mpaka yabaki mililita 600. Tia sukari gramu 60, iliki ya kusaga na nyuzi chache za zafarani, uache yapoe mpaka yawe vuguvugu. Wakati huo toa rasgula kwenye kopo, zibinye moja moja kwa viganja mpaka shira itoke, zichovye kwenye maji vuguvugu, binya tena. Zitumbukize kwenye maziwa na uweke friji saa nne au zaidi. Zitanyonya maziwa na kuvimba, na utakuwa na rasmalai ya kuwakaribisha wageni bila haya. Anayeruka hatua ya kubinya mara mbili hupata maziwa matamu na rasgula kavu ndani, kwa sababu shira iliyojaa haiachi nafasi.

Gulab jamun za kopo huhitaji kidogo tu: zipashe pamoja na shira yake na iliki tatu zilizopondwa, dakika tano, moto mdogo. Son papdi ya boksi haihitaji kitu, ila ukifungua boksi na kuliacha wazi usiku mmoja, unyevu utaigeuza kuwa jiwe.

Kuagiza kwa posta ndani ya nchi

Agiza kutoka mji ulio nchi hiyohiyo. Zinazosafiri vizuri ni ladu za dengu, mohanthal, Mysore pak, kaju katli na peda kavu. Usiagize zenye shira wala rasmalai, hata kama duka linakubali. Weka oda ili mzigo utoke Jumatatu au Jumanne. Unaotoka Alhamisi unaweza kulala ghalani Jumamosi na Jumapili. Uliza kama wanafunga kwa kutoa hewa. Ukipokea, fungua siku hiyohiyo na unuse. Majira ya joto achana na barfi kabisa.

Kubeba kutoka nyumbani au India

Hapa ndipo watu hupoteza mizigo. Umoja wa Ulaya hauruhusu msafiri kuingia na maziwa au vitu vya maziwa kutoka nchi kama India, Kenya au Tanzania, na Uingereza ni hivyohivyo; Aprili 2025 Uingereza iliongeza marufuku ya nyama na maziwa hata kwa wanaotoka Umoja wa Ulaya. Barfi, peda, rasmalai na gulab jamun zinaingia humo. Marekani, kila chakula lazima ukitaje kwa ofisa. Vya maziwa kutoka nchi zenye ugonjwa wa miguu na midomo wa ng'ombe huzuiliwa, na asiyetaja hutozwa faini. Australia ni wakali kuliko wote: taja kila kitu, na mithai za maziwa ziache nyumbani. Ukitaja kisichoruhusiwa kitatupwa, ukikificha utalipa.

Zenye nafasi kubwa ya kupita ni zisizo na maziwa wala samli: chiki ya njugu na sukari guru, kashata, son papdi iliyoandikwa mafuta ya mimea. Zibebe zikiwa kwenye pakiti ya kiwandani yenye orodha ya viambato, kwa sababu ofisa hana jinsi ya kujua kilichomo kwenye kopo la plastiki la shangazi. Anayekwenda Falme za Kiarabu achunguze khaskhasi, yaani mbegu za mpopi: ni marufuku huko, na kuna barfi za tini zinazoviringishwa humo. Kanuni hizi hubadilika, kwa hiyo fungua tovuti ya forodha ya nchi unakokwenda wiki ya safari.

Za kupika mwenyewe

Tatu zinatosha mtu aliye mbali na maduka, na zote zinatumia vitu vinavyopatikana karibu kila mji. Samli ukiikosa, chukua siagi isiyo na chumvi gramu 500, ichemshe kwa moto mdogo dakika 20 hadi 25 mpaka povu liishe na masimbi ya chini yawe rangi ya dhahabu, uchuje. Utapata gramu 400 hivi.

Ladu za dengu ndizo za kuanzia. Unga wa dengu gramu 250, samli gramu 120, sukari ya kusaga gramu 150, iliki. Sukari isage mwenyewe kwenye blenda. Ile laini ya kupambia keki huko Marekani na Ulaya mara nyingi imetiwa wanga, na ladha ya wanga mbichi itabaki ulimini. Kama unga wako ni laini sana, ongeza vijiko viwili vya mezani vya semolina.

1. Yeyusha samli kwenye sufuria nzito, tia unga, kaanga kwa moto mdogo ukikoroga bila kuacha, dakika 20 hadi 25. Mwanzoni utakuwa mzito na wenye mabonge. Usiongeze samli. Baada ya muda utalegea wenyewe na kuanza kung'aa, na harufu ya ubichi itageuka kuwa ya njugu zilizokaangwa. Hapo ndipo.

2. Epua, nyunyiza kijiko kimoja cha mezani cha maji huku ukikoroga. Utatoa povu, na ndicho kinachozipa ladu ule uchengachenga.

3. Acha upoe mpaka uwe vuguvugu, uweze kuutia kidole na kukiacha humo. Tia sukari na iliki, kanda, finyanga.

Ukitia sukari kungali moto itayeyuka na mchanganyiko utakuwa uji; uweke friji dakika 15, ujaribu tena. Zikimeguka, ongeza kijiko cha chai cha samli ya moto. Zikinata kwenye kaakaa, unga haukuiva, na kosa hilo halina dawa baada ya sukari kuingia. Zikae kwenye kopo lenye kifuniko, nje ya friji.

Gulab jamun za unga wa maziwa ni ngumu kidogo, lakini aliyezoea kupika kalimati hatashangaa chochote isipokuwa moto. Kalimati hutaka mafuta ya moto wa wastani. Hizi hutaka mafuta ya moto mdogo zaidi. Kwa jamun 20: unga wa maziwa yenye mafuta kamili gramu 150 (usitumie krima ya kahawa, itayeyuka kwenye karai), unga mweupe wa ngano gramu 40, magadi soda pungufu ya robo kijiko cha chai, samli gramu 20, maziwa vuguvugu mililita 75 hadi 90. Shira: sukari gramu 400, maji mililita 400, iliki tano, kijiko cha chai cha maji ya ndimu ili sukari isirudi kuwa chenga.

1. Pika shira kwanza. Ikichemka, hesabu dakika tano, uepue. Ikiguswa inate vidoleni bila kuvuta uzi.

2. Changanya unga wote na magadi, sugua samli humo, ongeza maziwa kidogo kidogo. Kusanya tu, usikande. Ukikanda, ngano itavutika na jamun zitakuwa mpira. Donge litanata. Lifunike dakika 10, unga wa maziwa utanywa unyevu.

3. Paka samli viganjani, viringisha vidonge vya gramu 14 hivi visivyo na ufa hata mmoja. Vitaongezeka karibu mara mbili.

4. Pasha mafuta hadi nyuzi 130 au 140 za selsiasi. Huna kipimajoto? Tone la donge lizame, likae chini kidogo, ndipo lipande na vipovu vidogo. Kaanga dakika saba au nane ukiyazungusha mafuta kwa kijiko cha matundu bila kuzigusa sana, mpaka rangi ya kahawia iliyokolea.

5. Ziache dakika moja, uzitie kwenye shira ya moto kiasi cha kuvumilika kwa kidole. Saa mbili angalau.

Kinachoharibika mara nyingi ni hiki. Kiini kigumu: mafuta yalikuwa moto, nje kukawahi ndani. Zimepasuka: donge lilikauka, ongeza kijiko cha chai cha maziwa kwa zilizobaki. Zimesambaratika kwenye karai: magadi yamezidi, na hapo zinazobaki ongezea kijiko kimoja cha unga wa ngano. Zimesinyaa kwenye shira: shira ilikuwa nzito au imepoa. Kaanga moja ya majaribio kabla ya kuzimwaga zote.

Kaju katli ni ya haraka, na pengine korosho utakazozikuta Ulaya zilianzia Mtwara au Lindi, zikaenda kubanguliwa India ndipo zikafika huko. Chukua zisizokaangwa wala kutiwa chumvi, gramu 250, zikiwa na joto la chumba, usage kwa kukatisha katisha blenda. Blenda ikienda mfululizo mafuta hutoka na utapata siagi ya korosho. Chekecha. Chemsha sukari gramu 125 na maji mililita 60 mpaka tone kati ya vidole likivutwa litoe uzi mmoja, tia unga wa korosho, koroga kwa moto mdogo dakika nne hadi sita mpaka uachane na sufuria. Kipimo: chembe ikiviringishwa vidoleni iwe kidonge kisichonata. Kanda ikiwa ya moto na kijiko cha chai cha samli, sukuma katikati ya karatasi mbili za kuokea hadi unene wa milimita nne au tano, kata ikiisha kupoa. Ikinata, irudishe motoni dakika moja. Ikikauka na kuvunjika, imepita. Tia kijiko cha mezani cha maziwa, pasha, kanda upya, na hiyo iliyotiwa maziwa iliwe ndani ya siku tatu.